Ushuhuda wa Mama na Kidonge Kwenye Chai

Shangazi, mshauri wangu mpendwa, shikamoo, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili mama yangu atashika kipaza sauti kwa mara ya pili, na safari hii anataka nisimame ubavuni mwake niwathibitishie watu kwamba hatumii dawa yoyote, na mimi, Shangazi, ndiye ninayempa hizo dawa.

Nianze mwanzo. Nina miaka thelathini na minne, nauza katika duka la dawa, kazi nimeisomea, sikuiokota. Naishi na mama, mwalimu mstaafu aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane, na somo lake, usicheke, lilikuwa sayansi, yeye ndiye aliyewachorea watoto wa mtaa mzima moyo ubaoni kwa chaki nyekundu akawaonyesha damu inakoingia na inakotokea. Lakini nyumbani kwetu kuna sheria aliyoirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, kwamba ugonjwa hautajwi, ukiutaja umeuita, kwa hiyo bibi alikufa kwa "ule uchovu" na mama mdogo akafa kwa "ile hali", na baba alipofia hospitali mama alisema ni kwa sababu daktari aliropoka jina la ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Mwaka jana mama alianguka akianika nguo. Tulimkimbiza hospitali, kipimo kikasoma mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini, daktari akampa vidonge vya presha akamwambia ni kimoja kila asubuhi, siku zote za maisha yake. Mama alivinywa wiki tatu, akivificha ndani ya soksi kama kitu cha wizi. Ndipo kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti, akampeleka kwenye nyumba ya maombi anakosali yeye, na mwombezi wa pale, mtu mpole kwa kweli, simsingizii, hapigi kelele wala hasukumi watu, akamwekea mkono begani akamwambia, "Mwalimu, imani na kidonge havikai kinywa kimoja." Akampa chupa ya maji aliyoyaombea. Mama alirudi nyumbani akavimwaga vidonge chooni mbele yangu, akavuta maji mara mbili, akaniambia mkono wa Mungu hauhitaji msaidizi.

Nilimsihi, nikaleta kipimo cha dukani akakataa kufungwa mkono, nikamwita kaka akaniambia nina roho ya duka. Siku ya tano nikamwona mama anaegemea ukuta akitoka chumbani kwenda jikoni, hakusema kitu, kwetu hakisemwi, lakini nilijua. Asubuhi ya sita nikasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikakitia kwenye chai yake, nikaongeza sukari kuua uchungu, akanywa akasema leo chai nzuri. Shangazi, ilikuwa iwe siku ile moja tu, na sasa huu ni mwezi wa nane.

Mwezi wa pili kaka alipita nyumbani akakuta kikombe cha mama mezani, mwenyewe yuko bafuni, akakipiga chote. Baada ya saa moja alikuwa ameketi chini kwenye karakana yake, anaona mageti mawili mahali pa moja. Akasema amerushiwa nguvu za giza, akaenda kuombewa, na kufikia jioni alikuwa mzima, kwa hiyo na hilo nalo likaingia kwenye orodha ya miujiza.

Mwezi wa sita mwombezi akamwalika muuguzi awapime watu presha baada ya ibada. Mama akapimwa, mia moja na thelathini kwa themanini na mbili. Akapanda jukwaani. Mama anajua kuongea mbele za watu, alichora moyo hewani kwa kidole, akaeleza mishipa, akasema alitupa vidonge vyote na damu yake imetii. Mtu akamrekodi, na kesho yake wateja walikuwa wananionyesha mimi, kaunta kwangu, video ya mama yangu mwenyewe.

Wiki iliyofuata akaja rafiki yake, mama mshonaji wa mtaa wa pili, wamejuana kabla sijazaliwa, ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule. Naye alikuwa anatumia vidonge hivyo hivyo na alikuwa akivinunua kwangu. Akaweka kaunta pakiti mbili ambazo hazijafunguliwa, akasema, "Mwanangu, wape wanaovihitaji. Mimi nafuata njia ya mama yako." Nyuma yake walikuwepo wateja watatu, mmoja wao anasali na kaka. Nilifungua mdomo, Shangazi, naapa niliufungua, halafu nikausikia unasema, "Haya mama, asante." Pakiti nikazisukuma chini ya kaunta.

Baada ya wiki nne kiharusi kikampata akiwa kwenye cherehani. Mkono wa kulia haushiki kitu, mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka moja moja kama yanavutwa na kamba. Mama alikwenda wodini kumwona na chupa yake ya maji, nikamsindikiza, na tulipokuwa tunatoka kwenye korido akanigeukia, kwa huzuni kabisa, akasema, "Masikini ya Mungu. Imani yake ilikuwa ndogo."

Nikisema, mama ataacha hata chai na atakufa, na kaka ataaibika, maana kwa ajili ya ushuhuda ule amefanywa msimamizi wa wageni na ameshonewa koti. Nisiposema, wapo wateja wangu wengine kumi na mmoja ambao hawajaja kuchukua vidonge tangu video ile, nawajua mmoja mmoja. Nimefika mahali nawaza nisage boksi zima nitie kwenye pipa la maji la mwombezi, wapone wote tukae kwa amani. Je, nimefanya dhambi gani, na nifanyeje? Mimi nilitaka mama aishi tu.

Ni mimi, Mkoroga Chai

*

Mkoroga Chai,

Marahaba. Hongera kwa muujiza.

Katika kiti hiki nimeandikiwa na wanawake waliotia limbwata kwenye mchuzi ili waume watulie, na waume waliolila limbwata hilo wakaharisha siku tatu. Lakini limbwata la presha, lililopimwa, lenye tarehe ya kuisha muda, hilo ni la kwanza kwangu. Mwombezi wako ana bahati. Wenzake wanahangaika na matarumbeta. Yeye ana mfamasia wa siri anayefanya kazi kila asubuhi, hadi sikukuu, na wala hamjui.

Tuanze na pipa, nilitoe kichwani mwako. Ungelitia dawa, ibada nzima ingeketi chini kama kaka yako, kila mtu akiona waombezi wawili. Mmoja mwenye presha ya kushuka asingeinuka tena. Usiniandikie mawazo ya aina hiyo, nina umri wa kuheshimiwa.

Unaniuliza ni dhambi gani. Mimi si karani wa malaika. Ninachokijua ni kwamba waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwahi kufikiri kwamba mama ataficha ugonjwa na mtoto naye aje afiche dawa, nyumba moja, meza moja, wote wawili wakipongezana kwa utamu wa chai. Umemtibu mtu mzima kama anavyotibiwa paka. Wewe, uliyesomea dozi, miezi minane hukumpima figo, hukumpeleka kwa daktari, kipimo chako kilikuwa ni kuangalia kama anashika ukuta. Ungeugua wewe je? Ungesafiri kwenda msibani siku nne je? Kijiko ungemrithisha nani, kaka?

Mama yako namwelewa zaidi ya unavyodhani. Si mjinga. Mtu anayeweza kuchora moyo hewani anajua kabisa kilicho ndani yake. Ni mwoga, kama mimi na wewe, amezika watu wengi wasiotajwa walichokufa nacho, na hofu ikijua kuzungumza vizuri watu huiita imani. Mungu naye tumtendee haki: sijamsikia hata siku moja analalamika kwamba vidonge vinamnyang'anya kazi. Wanaolalamika ni watu wake wa mapokezi. Na huyo mwombezi mpole, sawa, ni mpole. Mtu mpole akikuelekeza shimoni utatumbukia taratibu, lakini utafika chini kule kule.

Ila kosa lako kubwa halikuwa kwenye kikombe. Kwenye kikombe ulikuwa binti anayeogopa kumpoteza mama, na hapo nakuonea huruma, nisingekuonea nisingesumbuka kukujibu. Kosa lako lilikuwa kaunta, mchana kweupe. Mama mshonaji alikuletea nafasi yake ya mwisho kwa mikono yake miwili, akaiweka mbele yako. Hukuhitaji kutaja chai wala kumwaibisha mtu. Ungesema tu, "Mama, usiache vidonge." Maneno matatu. Wewe ukasema asante.

Sasa, wasomaji wangu, niwaeleze na ninyi. Barua hii ilinifikia Jumatatu, Jumapili ilikuwa haingoji gazeti, na mwandishi aliacha namba. Nikampigia siku ile ile. Yaliyofuata nayasimulia kwa idhini yake.

Nilimwambia aanze kwa daktari, si kwa mama. Aende na tarehe na kiasi, aseme yote, akaripiwe. Jumatano akaenda, akakaripiwa vizuri, daktari akaandika kila kitu kwenye faili na kumwonya kwamba vidonge visikatishwe ghafla. Nikamwambia amkalishe mama asubuhi, wakiwa wawili, chai ikiwa mezani bila kitu ndani na boksi la dawa likiwa pembeni yake. Asimtaje mwombezi, asimtaje Mungu, na asianze kulia, kwa sababu akilia yeye mama ndiye atakayembembeleza, na siku hiyo haikuwa zamu yake kubembelezwa.

Alhamisi saa nne asubuhi akamwambia, "Mama, tangu wiki ile uliyotupa vidonge nimekuwa nakutilia kimoja kwenye chai."

Mama akalitazama boksi. Akauliza, "Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata asubuhi ile niliyokwenda kutoa ushuhuda?"

"Hata asubuhi ile, mama."

Mama akainuka, akamwaga chai kwenye sinki, akaosha kikombe, akakifuta, akakirudisha kabatini, akaingia chumbani akafunga mlango. Siku mbili hakumsemesha. Alijipikia, akala peke yake, akaosha sufuria yake moja. Binti akanipigia Ijumaa akisema amemuua mama yake. Nikamjibu kwamba mtu anayepika na kuosha sufuria hajafa, amekasirika, na haki hiyo anayo. Alichotakiwa kufanya ni kuacha kipimo cha presha sebuleni na kuondoka njiani. Akakiacha. Jumamosi asubuhi alikikuta kimehamishwa meza, na kwenye kioo chake palikuwa na namba ambayo si yake, ni ya mama. Ilikuwa imeanza kupanda.

Jumamosi hiyo mama alikwenda wodini peke yake. Hakubeba chupa. Tunayajua ya huko kwa sababu binti wa mshonaji alikuwa kando ya kitanda anamlisha mama yake. Mwalimu alivuta kiti, akamwambia rafiki yake kila kitu, tangu kijiko hadi jukwaa, bila kujitetea. Mama mshonaji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akahangaika na mdomo wake ule muda mrefu, binti akafikiri anataka maji, kumbe alikuwa anatafuta maneno.

Akasema, "Kwa hiyo... haikuwa imani yangu."

Wiki mbili amelala pale, mkono umekufa, na kilichokuwa kinamuumiza si mkono. Alikuwa anajiuliza amemkosea Mungu wapi mpaka maji yamsaidie mwenzake yeye yamwache. Hilo ndilo mlilomwongezea, Mkoroga Chai, mama kwa kusema na wewe kwa kunyamaza. Nakuandikia hivi ili liingie.

Jumapili mama aliitwa jukwaani. Binti alikuwa amekaa nyuma kabisa, hakuambiwa njoo wala kaa. Kaka alikuwa mlangoni na koti lake. Mwalimu akashika kipaza sauti akasema, "Mimi nina ugonjwa wa presha. Nilipowaambia natembea kwa imani peke yake nilikuwa nakunywa dawa kila siku. Sikujua, lakini nilikuwa nakunywa. Mwenye vidonge nyumbani, arudi akavinywe, aje aombewe akiwa amevinywa."

Mwombezi, kwa upole wake wote, akaashiria kwaya. Kwaya ikaimba, kipaza sauti kikazimwa. Mama hakushuka. Alisimama pale mikono imeshikana mbele, kama anavyosimama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze, na kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, ikarudia wa kwanza, ikachoka. Aliponyamaza mtu wa mwisho akayasema yote tena tangu mwanzo, bila kipaza sauti. Mwanamke aliyefundisha watoto sitini katika chumba kimoja kwa miaka thelathini na minane hahitaji umeme. Waliokaa hadi mlangoni walisikia.

Jumatatu alikwenda kliniki mwenyewe, akakataa kusindikizwa. Anakunywa vidonge kwa mkono wake na anaendelea kusali, sehemu nyingine, kwa mtu ambaye hajamuuliza kuhusu kinywa chake. Kaka amevuliwa usimamizi na hapokei simu za dada yake. Akishapoa, mwalike, umweleze na habari ya yale mageti mawili. Ana haki ya kujua kwamba wachawi hawakuhusika.

Turudi kwako. Jana umeniandikia ujumbe kwamba mama anakusemesha maneno mawili kwa siku, "funga mlango", na unataka kujua atakusamehe lini. Sijui, na acha kumwuliza. Umemdanganya miezi minane, mpe angalau miwili ya kununa. Asubuhi jipikie chai yako, mwachie birika ajipikie yake.

Una kazi kubwa kuliko kusubiri msamaha. Wale wateja kumi na mmoja unaowajua mmoja mmoja, nenda kwao wiki hii, nyumba kwa nyumba, na kipimo mkononi. Usihubiri. Wapime, wasomee namba, waambie waende kliniki kesho yake, na atakayekutajia video ya mama yako mwambie ukweli pale pale mlangoni, hata kama jirani anasikia. Na wewe unayesoma hapa ukiwa umeacha dawa zako kwa sababu ulimwona mwalimu mmoja kwenye simu, weka gazeti chini uende ukamwone daktari. Mimi nitakuwepo ukirudi.

Halafu mama mshonaji. Wanaomfanyisha mazoezi ya mkono wamesema anahitaji mtu wa kumkunja na kumkunjua vidole asubuhi na jioni, na binti yake ana mtoto mchanga. Jioni ni yako, kila siku, ukitoka dukani. Ukifika leo usianze na sababu. Sababu zako zote nimezisoma, ni nzuri, na hazimrudishii kidole hata kimoja. Mwambie ulinyamaza wakati ulipaswa kusema, omba radhi, kisha ukae umsikilize mpaka amalize, hata kama sentensi moja itamchukua robo saa. Akikufukuza, toka. Kesho rudi.